Mdomo Kabla ya Rangi: Namna ya Kuchagua Samaki wa Tangi la Matumbawe

Tangi la matumbawe ni hodhi la kioo lenye maji ya chumvi ambamo samaki hufugwa pamoja na matumbawe hai, yaani wale wanyama wadogo waitwao polipu ambao huishi wameshikamana kwa maelfu na ambao kwa karne nyingi wamejenga miamba ya baharini. Humo huishi pia konokono, kamba, kaa na minyoo, pamoja na mawe yaliyojaa bakteria wanaoyasafisha maji. Jambo linalolitofautisha tangi hili na lile la samaki peke yao ni kwamba kila samaki anayeingizwa humo huwakuta viumbe ambao baadhi yao, huko baharini alikotoka, ndio chakula chake. Mnunuzi wa kawaida huvutwa na rangi, na kosa huanzia hapo, kwa kuwa rangi haimwambii samaki huyo atakula nini, atakua kiasi gani wala atapatana na nani, ilhali mdomo na meno yake humweleza mengi kuhusu maswali hayo.

Maji kabla ya samaki

Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo moja, na maji ya tangi hutengenezwa yafikie kiwango hicho kwa kuchanganya chumvi maalumu ya madukani na maji yaliyochujwa klorini na madini yake. Joto linalofaa ni kati ya nyuzi 25 na 27 za Selsiasi. Katika nchi za baridi mfugaji huhitaji kifaa cha kupasha maji, lakini katika miji kama Mombasa na Dar es Salaam shida huwa kinyume chake, kwa sababu wakati wa kaskazi maji yaliyo katika chumba kisicho na kiyoyozi huweza kuvuka nyuzi 30, na kadiri maji yanavyopata joto ndivyo oksijeni inavyopungua ndani yake. Feni inayopuliza juu ya tangi huyapoza maji kwa kuyafanya yavukize, na pengo linalobaki hujazwa kwa maji yasiyo na chumvi, kwa kuwa chumvi yenyewe haivukizi.

Taka za samaki huzaa amonia, ambayo ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake kwa samaki ni madogo lakini ikizidi huustawisha mwani mpaka ukayafunika matumbawe. Bakteria hao huhitaji kwa kawaida wiki 4 hadi 6 ili waongezeke kiasi cha kutosha, na kabla ya muda huo hakuna samaki anayestahili kutiwa ndani. Hata baada ya hapo idadi ya samaki hubaki ndogo, kwa sababu kila mdomo unaolishwa huongeza taka ambazo bakteria wanapaswa kuzimeng'enya.

Anachokula mwambani

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki huanza na faida fulani, kwa kuwa familia nyingi za samaki wa mapambo ndizo anazoziona sokoni au ndani ya dema, na mvuvi anayejua chambo cha kila samaki tayari anajua nusu ya yale yanayopaswa kuulizwa dukani. Swali la kwanza ni moja: samaki huyu hula nini awapo mwambani? Jibu lake huwagawa samaki katika makundi machache.

Kundi la kwanza ni la wale wanaoyala matumbawe yenyewe. Kitatange wengi wa jenasi Chaetodon wana mdomo mdogo uliochongoka na meno membamba yaliyojipanga kama brashi, na kwa zana hizo huzichuma polipu moja baada ya nyingine. Aina kama Chaetodon meyeri na Chaetodon trifascialis hutegemea polipu karibu kwa chakula chao chote, hivyo katika tangi la matumbawe huharibu kila kitu, na katika tangi lisilo na matumbawe hufa njaa. Pono naye huikwangua miamba kwa meno yaliyoungana kuwa mdomo mgumu, na pono mkubwa huweza kusaga mawe kiasi cha kutoa mamia ya kilo za mchanga kwa mwaka. Hiyo ni kazi kubwa na yenye manufaa kwa bahari, lakini hakuna tangi la nyumbani linaloweza kuistahimili.

Kundi la pili ni la wale wasioyagusa matumbawe lakini huwala wenzao. Taya za kikande zimeumbwa kuvunja magamba, kwa hiyo konokono, kaa na kamba waliotiwa tangini ili walisafishe hugeuka kuwa mlo wake. Wachache wa familia hiyo, kama Odonus niger, hutegemea zaidi planktoni, yaani viumbe wadogo mno wanaoelea majini, na kwa hiyo hatari yao ni ndogo zaidi. Chewa mwekundu mwenye madoa ya buluu, Cephalopholis miniata, hupendeza sana, lakini humeza kila samaki anayeenea mdomoni, na mdomo wake ni mpana. Mikunga wengi wana tabia hiyohiyo. Kanuni ya jumla ni kwamba samaki mwenye mdomo mpana na mwili mzito asiwekwe pamoja na yeyote anayeweza kupita katika koo lake.

Kundi la tatu ni la wala mwani, na hao huyafaidi matumbawe. Kangaja, anayetambulika kwa mwiba mkali kama wembe ulio kwenye shina la mkia wake, hushinda akichuma mwani juu ya mawe, na hivyo huyapatia matumbawe nafasi na mwanga. Mwanga huo una maana kubwa, kwa sababu ndani ya miili ya matumbawe mengi huishi mwani wa chembe mojamoja ambao hutengeneza sukari kwa nguvu za mwanga na kuwagawia wenyeji wake. Samaki mdogo Salarias fasciatus, ambaye hujificha katika matundu ya mawe na kuchungulia nje, hufanya kazi kama ya kangaja katika tangi lisiloweza kumchukua kangaja.

Kundi la nne ni la wala planktoni, ambao midomo yao midogo hudaka chembe zinazopita majini na mara chache hugusa chochote kilichoshikamana na mwamba. Humo wamo Chromis viridis wenye rangi ya kijani kibichi, na Pseudanthias squamipinnis wa rangi ya chungwa ambao huonekana kwa makundi makubwa katika miamba ya Bahari ya Hindi. Hawa ni salama kwa matumbawe, lakini wana gharama yao: baharini hula mchana kutwa kidogo kidogo, na tangini huhitaji kulishwa mara kadhaa kwa siku, jambo linaloongeza nitrati. Usalama wa samaki kwa matumbawe na urahisi wa kumtunza ni mambo mawili tofauti.

Tofauti hiyo hudhihirika zaidi kwa samaki wanaokula kitu kimoja tu. Synchiropus splendidus, samaki mdogo mwenye michirizi ya buluu na chungwa ambaye huhesabiwa kati ya samaki warembo kuliko wote, hamdhuru yeyote, lakini hushinda akidonoa vidudu wadogo wa jamii ya kamba ambao huzaliana katika mawe yaliyokomaa. Katika tangi changa vidudu hao huisha upesi, na samaki hukonda mpaka akafa huku chakula cha kopo kikielea mbele yake. Labroides dimidiatus, ambaye mwambani huishi kwa kuwaondolea samaki wengine vimelea vya ngozi, hukosa wateja wa kutosha tangini, na mara nyingi mwisho wake huwa huohuo.

Ukubwa wa utu uzima

Samaki wengi wanaouzwa madukani ni wachanga, na udogo wao hupotosha. Mfano ulio wazi zaidi ni Pomacanthus imperator, ambaye utotoni ni wa buluu nzito yenye duara nyeupe, na ambaye akikua hubadilika kabisa akawa na mistari ya manjano na buluu na urefu wa takriban sentimita 40. Samaki wa buluu Paracanthurus hepatus, aliyepata umaarufu duniani kupitia filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003, huuzwa akiwa na urefu wa vidole viwili, ilhali akikomaa hukaribia sentimita 30 na huhitaji masafa marefu ya kuogelea. Kwa hiyo kipimo cha tangi huzingatia urefu wake pamoja na ujazo, kwa kuwa lita 300 zilizo katika tangi refu humfaa muogeleaji zaidi kuliko lita hizohizo katika tangi refu la kwenda juu.

Katika familia nyingi kubwa hupatikana jamaa wadogo wanaoweza kushika nafasi hiyo. Anayependa umbo la Pomacanthus anaweza kumfikiria Centropyge acanthops, mwenyeji wa magharibi mwa Bahari ya Hindi, mwenye mwili wa buluu na mgongo wa manjano iliyoiva, ambaye hukomea sentimita 8 hivi. Hata hivyo jenasi yake ina sifa ya kudonoa matumbawe yenye nyama nyingi, na mmoja huweza kukaa miaka bila kugusa kitu huku mwingine wa aina ileile akianza baada ya wiki chache, kwa hiyo anayemnunua hana budi kuwa tayari kumtoa.

Tabia, jozi na zamu ya kuingia

Mwambani samaki anayefukuzwa hukimbia, lakini tangini hana pa kukimbilia, na ndiyo maana ugomvi ambao baharini ungeisha kwa kutishana huweza kuua katika kioo. Mfano unaorudiwa mara nyingi ni ule wa Dascyllus, samaki wadogo weusi na weupe ambao kwa kuwa ni wa bei nafuu na wavumilivu hununuliwa kama waanzilishi wa tangi. Baada ya miezi michache huwa wamejigawia tangi zima na humshambulia kila mgeni, na kuwanasa bila kubomoa mawe yote ni kazi ngumu. Ushauri unaofuata hapo ni kuwaingiza wapole kwanza na wakali mwisho, mmoja au wawili kwa wakati, na kuacha wiki kadhaa kati ya zamu moja na nyingine, ili bakteria waongezeke kulingana na taka na kila samaki apate makazi kabla ya mwingine kufika.

Ugomvi hupungua pia iwapo samaki wanaochaguliwa hutumia sehemu tofauti za tangi. Gobi wadogo hukaa mchangani, na baadhi yao hushirikiana na kamba wa jenasi Alpheus ambaye haoni vizuri: kamba huchimba shimo wanaloishi wote wawili, na gobi hulinda mlango huku kamba akimgusa kwa papasi zake ili apate habari za hatari. Gramma loreto wa Karibi, zambarau mbele na manjano nyuma, hukaa karibu na pango lake katikati ya mawe. Samaki wanaofanana umbo na mlo ndio wanaochukiana zaidi, kwa hiyo kangaja wawili katika tangi dogo ni mwaliko wa vita.

Jamii ya Amphiprion, wale samaki wa mistari myeupe wanaoishi kati ya mikono ya anemoni, mnyama laini mwenye sumu, hutoa mfano mzuri wa namna ya kupata jozi. Wote huzaliwa wakiwa na uwezo wa kuwa madume, na katika kila kundi aliye mkubwa kuliko wote huwa jike, hivyo anayenunua wachanga wawili wasiolingana ukubwa kwa kawaida hupata jozi. Pwani ya Afrika Mashariki ina aina zake, zikiwemo Amphiprion allardi na Amphiprion akallopisos, ilhali Amphiprion ocellaris anayeuzwa zaidi duniani hutoka mashariki mwa Bahari ya Hindi na magharibi mwa Pasifiki. Kinyume cha inavyodhaniwa, tangini samaki hawa hawamhitaji anemoni, kwa kuwa hakuna adui wa kujikinga naye. Anemoni huhitaji mwanga mkali, huhama kwa hiari yake na huyachoma matumbawe anayoyagusa, kwa hiyo wanaoanza ni heri wamwache.

Afya kabla ya malipo

Samaki anayefaa kwa aina yake huenda bado asifae kwa hali yake. Mnunuzi makini humtazama kwa dakika kadhaa: macho yawe maangavu, mapezi yawe mazima, tumbo lisiwe limebonyea, na pumzi isiwe ya haraka kupita ya wenzake. Zaidi ya hayo huomba samaki alishwe mbele yake, kwa kuwa samaki anayekataa chakula dukani mara nyingi hukikataa na nyumbani.

Ugonjwa unaoogopwa zaidi ni wa madoa meupe, unaosababishwa na kimelea Cryptocaryon irritans. Kimelea hicho hukaa kwanza katika ngozi ya samaki, kisha hudondoka na kujifungia kwenye mchanga au mawe, na baadaye hutoa wadogo wengi wanaoogelea kutafuta samaki mwingine. Dawa iliyozoeleka ni ya madini ya shaba, lakini shaba huua matumbawe, konokono na kamba, kwa hiyo haiwezi kutumika ndani ya tangi lenyewe. Ndiyo sababu kila samaki mpya hutengwa kwa wiki 4 hadi 6 katika tangi dogo lisilo na mawe, ambamo anaweza kutazamwa na kutibiwa. Acanthurus leucosternon, kangaja wa buluu nyepesi wa Bahari ya Hindi, hushikwa na ugonjwa huu upesi kuliko wengi, na uzuri wake haujapata kumwokoa.

Alikotoka

Swali la mwisho ni la asili ya samaki. Nchini Ufilipino, tangu miaka ya 1960, baadhi ya wavuvi wamepuliza sumu ya sianidi katika mianya ya miamba ili kuwalewesha samaki, na njia hiyo ikaenea hadi Indonesia. Sumu hiyo huyaua matumbawe yaliyo karibu, na samaki aliyeivuta huweza kuonekana mzima dukani kisha akafa baada ya siku au wiki chache. Nchini Kenya, ambako wazamiaji wa pwani wamewavua samaki wa mapambo kwa miongo kadhaa kwa ajili ya soko la ng'ambo, kazi hufanywa kwa nyavu ndogo, na samaki aliyenaswa kwa wavu na kusafirishwa kwa uangalifu ana nafasi kubwa zaidi ya kuishi. Mkazi wa pwani anayeshawishika kujivulia mwenyewe hana budi kufahamu kwamba uvuvi huo huhitaji kibali, na kwamba hairuhusiwi kuchukua viumbe katika hifadhi za bahari kama Kisite, Kenya, na Chumbe, Zanzibar. Farasi bahari na matumbawe magumu husimamiwa pia na mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini.

Njia isiyoigusa bahari ni kununua samaki waliozalishwa na wafugaji. Amphiprion huzalishwa kwa wingi, na vivyo hivyo Pterapogon kauderni, samaki wa rangi ya fedha na nyeusi kutoka visiwa vya Banggai nchini Indonesia, ambaye dume wake hubeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe. Samaki huyu alivuliwa mno hata akaingia katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, ingawa kuzaliana kwake tangini si jambo gumu. Zebrasoma flavescens, kangaja wa manjano wa Hawaii, alizalishwa kwa mafanikio mwaka 2015, na Paracanthurus hepatus mwaka uliofuata. Samaki wa namna hii amezoea chakula cha binadamu tangu utotoni, na bei yake ya juu kidogo hurudi kwa urefu wa maisha yake.

Asili ina upande wake wa pili, nao ni mahali samaki anapoishia. Samaki wa jenasi Pterois, wenye miiba ya sumu na mapezi marefu, ni wenyeji wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, lakini mwaka 1985 mmoja wao alionekana katika pwani ya Florida, na leo wametapakaa Karibi nzima wakiwala samaki wadogo wasiowafahamu. Inaaminika kwamba waliachiliwa na wafugaji. Samaki aliyeshindikana hurudishwa dukani au hupewa mfugaji mwingine, wala hatupwi baharini, hata iwe bahari iliyo mlangoni.

Kwa tangi la lita 300 lenye urefu wa sentimita 120, hoja hizi zikiunganishwa hutoa orodha fupi: gobi na kamba wake waingie kwanza, wafuate jozi ya Pterapogon na Salarias mmoja, kisha Gramma, na mwisho jozi ya Amphiprion, ambayo hulinda eneo lake kwa ukali unaozidi umbo lake. Kangaja wa manjano, anayefikia sentimita 20, angekuwa kwenye ukingo wa kinachowezekana, na anayemtaka afadhali aanze na tangi refu zaidi. Jumla hiyo ni ya samaki saba tu, idadi inayoweza kuonekana haba kwa aliyezoea matangi ya madukani, lakini samaki saba wanaokula vizuri, wasiopigana na wasiogusa matumbawe huweza kuishi miaka mingi, na Amphiprion huweza kupita miaka kumi. Kwa hiyo uamuzi unaofanywa kwa dakika chache mbele ya kioo cha duka ni ahadi ya muongo mzima, na anayejua kumwacha samaki mzuri asiyemfaa ndiye atakayefaidi matunda ya kazi yake.